Huyo Rosa Ni Nani?

Mjukuu wangu Nafula,

Huku Saboti hatujambo. Mahindi yameanza kutoa ndevu, na babu yako amepata meno mapya ambayo huyavaa kanisani tu.

Umeniuliza kama ukizaa sasa usomi wako utapotea. Acha nikuambie yaliyonipata siku nilipohitimu ualimu kule Bungoma. Mama yako, Nekesa, alikuwa mchanga. Nilimfunga mgongoni, joho likatufunika sote wawili. Wakaita, "Rosa Nasimiyu." Wakaita tena. Nami nikageuka kumtafuta huyo Rosa anayetuchelewesha juani. Tangu nijifungue, hata walimu wangu waliniita Mama Nekesa.

Mama yangu akasimama kule nyuma. "Mama Nekesa, si ni wewe wanaita?"

Uwanja mzima ulicheka. Nilipofika mbele, mkuu wa chuo akasema, "Basi hongera, Mwalimu Mama Nekesa." Mkono mdogo ukachomoza kwenye joho, ukamshika tai, ukakataa kuiachilia.

Majina hayo, Mwalimu na Mama Nekesa, nimeyabeba pamoja mpaka leo, wala moja halijalifuta jingine. Yote mawili nimepewa na watoto. Ila yakiitwa kwa wakati mmoja sokoni, mimi hugeukia la Mama kwanza. Shingo ndiyo huamua.

Ukinijibu, usiandike Rosa kwenye bahasha. Nitadhani barua ina mwenyewe.

Ni mimi kukhu wako,
Mama Nekesa