Kidole Kikisimama

Nyumbani,
Chumba cha uani,
Jumamosi, 14 Juni, saa kumi alasiri.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani, na mgongo je? Ulisema baridi ikizidi unashindwa kuinama kumvisha soksi yule bibi unayemtunza. Usijikaze kisabuni, tafadhali. Sisi tunaendelea. Presha ya Mama imeshuka, ila magoti ni yaleyale, anayalaani asubuhi na kuyaomba radhi jioni. Mimi bado niko masjala, faili zangu ziko sawa, na wenzangu bado wananicheka kwamba karani huyu hata akipiga chafya anaandika tarehe.

Nimeanza na magoti ya Mama kwa sababu naogopa kufika kwenye jambo lenyewe. Kama umesimama, kaa kwanza. Mwanao yu hai, anakula, na sasa hivi yuko hapa kando yangu. Lakini barua zangu tatu zilizopita hazikuwa na ukweli, nawe umesema mwisho wa mwezi unatia saini mkataba wa miaka miwili mingine huko kwa sababu ya barua hizo. Usitie saini kabla hujaisoma hii hadi chini.

Unakumbuka ilivyoanza. Kliniki walituambia wanajaribu muziki kwa watoto wenye kifafa: dakika kumi za kinanda kila siku, saa ileile, wimbo uleule. Daktari hakutudanganya. Alisema muziki hauchukui nafasi ya dawa, kuna watoto unaowapunguzia na kuna wasiopata chochote, na njia ya kujua ni kuandika kila siku. Muuguzi akauweka wimbo kwenye simu yako ya zamani yenye ufa, akatupa daftari, akauliza nani ataandika. Mama akaninyooshea kidole. Nani mwingine?

Basi kila siku nikitoka kazini namkalisha Chiriku kwenye kiti cha cherehani, nabonyeza simu, nachukua kalamu. Unamjua mwanao, jina hilo hakulipata bure. Wimbo ukianza alikuwa akiuliza huyu anayepiga ana vidole vingapi, na mbona hachoki. Halafu katikati ananyamaza. Anatulia tuli, macho ameyakaza ukutani, midomo inachezacheza. Dada, mimi niliona uzuri. Nikaandika: "Leo amesikiliza vizuri sana. Anafuatisha wimbo kwa midomo." Na upande wa kuanguka nikaandika sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Ndizo nilizokunakilia kwenye barua, nawe ukanipigia simu unalia kwa furaha.

Mama aliwahi kuniambia mtoto huyu ananyamaza vibaya. Nikamjibu kisomi, kwamba muziki unatuliza ubongo, nimesoma karatasi ya kliniki. Akasema haya, wewe ndiye uliyesoma, akarudi kwenye mboga zake. Hilo linanichoma kuliko mengine yote.

Mwezi wa nne daktari alilipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, akasema hajapata kuona lililo safi kama hili. Kwa kuliamini akapunguza kidonge cha jioni, kikawa nusu. Nilitoka pale kifua mbele, nikamnunulia Chiriku peremende njiani.

Wiki tatu baadaye alianguka kwenye ngazi za shule, kwa kishindo, kama zamani. Mwalimu wake alimlaza ubavu, akamlegezea kola, akakaa naye mpaka akazinduka. Mungu amlipe. Lakini mtoto alitanguliza mdomo. Meno mawili ya mbele, yale mapya uliyoyaona kwenye picha ukasema ni makubwa kumzidi mwenyewe, yamekatika nusu. Siku ile niliyokwambia ana mafua ndiyo maana haongei vizuri, yalikuwa meno. Mama alikuwa pembeni akinitikisia kichwa nisiseme, nami nikiogopa huwa mwepesi wa kutii.

Tukarudi kliniki. Muuguzi akataka kuona tunavyosikiliza, nikaweka simu mezani. Dakika ya pili Chiriku akatulia vilevile, nami nikamnong'oneza muuguzi aone mtoto anavyosikiliza. Muuguzi alipitisha kiganja mbele ya macho ya mtoto, hayakupepesa. Akamwita, akamgusa bega, akatazama saa ya ukutani. Kisha akasema polepole, "Kaka, huyu hasikilizi. Huyu hayupo."

Zilikuwa sekunde kumi na moja. Chiriku akarudi, akamalizia swali aliloliacha katikati kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wakanieleza kwamba hicho nacho ni kifafa, kile kidogo kisichoangusha. Mtoto anazimika kama taa yenye waya mbovu, anawaka tena, na mwenyewe hajui. Midomo kuchezacheza ni sehemu yake. Wakanifungulia daftari langu. Kila nilipoandika amesikiliza vizuri, huenda alikuwa amezimika. Nilizihesabu siku hizo, ni arobaini na sita. Sikuwa mvivu, Dada. Nilimtazama kila siku, nikaandika kila siku, na niliandika ugonjwa kwa jina la furaha.

Daktari hakunigombeza, alisema hata yeye ilimpasa kuuliza. Afadhali angenigombeza. Kidonge kimerudi kizima na kingine kimeongezwa. Kuhusu muziki, hajui kama umesaidia hata kidogo, maana hesabu yangu haifai kitu, tunaanza upya. Aliruhusu tuendelee kwa kuwa haumdhuru na mwenyewe anaupenda.

Juzi Mama aliniwekea bahasha mezani. "Mwandikie dada yako," akasema. "Mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi yametuumbua meno."

Daftari jipya nalijaza hivi. Kwanza nilikuwa nikimuuliza kila mara, upo? Siku ya tatu akashika kiuno, akaniambia kwa kithembe alichopata, "Mjomba, nikijibu nipo, nipo, nipo, huo wimbo nitausikia saa ngapi?" Tukapatana. Kidole chake kimoja kinagonga mgongo wa mkono wangu wa kushoto, kufuata wimbo. Kikisimama, natazama saa. Jumatano kilisimama mara moja, jana mara nne. Sikupambii. Wimbo wenyewe ni mzuri, nilikuwa naupenda, ila siku hizi siusikii. Nasikia kidole tu.

Sikuombi urudi, wala sikuombi ubaki. Najua kazi hiyo ndiyo inayotulisha. Naomba uamue ukimjua mwanao alivyo, si nilivyomwandika. Na ukiona sifai tena kushika daftari, sema, nitampa mwalimu wake. Nitaumia, lakini nitampa.

Saa kumi na moja imefika, nimeiweka simu mezani. Mkono wa kushoto nimempa yeye, wa kulia unamalizia barua. Mama anakusalimu, anasema vaa soksi mbili. Baba Mdogo anakusalimu, ameacha sigara kwa mara ya tano. Nisalimie mwenzako wa chumba, na yule bibi

Nisamehe, nilikatisha. Kidole kilisimama. Sekunde tisa, nimeziandika. Kisha kikaanza tena kugonga, akanitazama, akaona kalamu yangu imesimama hewani na macho yangu yamejaa. Akaniuliza, "Umeenda wapi, Mjomba?" kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeondoka.

Nimemwambia nipo.

Mungu akulinde huko uliko, akupe moyo wa kuibeba barua hii.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na leo nikuogopaye,
Karani