Kisima cha Bi Verna

Jumatatu, 5 Oktoba 2009
Darasa la kwanza la mashairi ya mazingira, hapa maktabani. Wamekuja wachache, wengi wao wajane wa wachimba makaa ya mawe. Mzee mmoja kauliza kama ni mashairi ya maua na vipepeo. Nikamwambia maua yamo, ila hapa mlima si pambo la nyuma ya picha. Mto ni jirani. Dubu ana lake la kusema. Tunaomboleza kilichokufa — kisha tunauliza nani kaua. Huko juu mgodini baruti ikalia, vioo vikatetemeka.

Jumatano, 7 Oktoba
Bi Verna Stiltner kaleta shairi. Umri wote huo, hajawahi kuandika hata ubeti! Kisima chake kimeharibika tangu kampuni ya mgodi ianze kukata kilele cha mlima kufuata makaa:

Maji yangu yalijua jina la mvua.
Leo yanatoka mekundu, yananuka mayai viza.
Nafungua bomba kama ninayefungua kidonda.

Nikasahau kufundisha. Anataka kulisoma Jumamosi, ukumbi wa kanisa, mbele ya watu wote.

Ijumaa, 9 Oktoba
Clete kapitia — mdogo wangu, dereva wa tingatinga huko mgodini. Hakukaa. Maharage na mkate wa mahindi hakuvigusa.
"Dada, mzuie huyo bibi."
"Ni shairi tu, Clete."
"Shairi tu! Mgodi ukifungwa wanangu watakula vina na mizani?"
Nikamkumbusha nani alimlea yeye, mama yetu alipolazwa hospitali. Verna huyohuyo. Akaubamiza mlango. Hofu yake ni ya haki. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi, 10 Oktoba
Ukumbi umejaa. Clete na wenzake nyuma kabisa, na makoti ya kazini. Verna kaanza kusoma. Mmoja wao: "Rudi jikoni, bibi!" Vicheko. Clete akamgeukia — mwache asome. Nikashusha pumzi. Mapema mno! Bibi alikuwa ameongeza mistari, mimi sina habari:

Na aliyeusukuma mlima kisimani mwangu
nilimfundisha mimi kufunga kamba za viatu.

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Clete akatoka.

Naandika nikiwa dirishani, humu ukumbini. Gari lake liko uani, injini inaunguruma, haondoki. Verna anauvuka uwanja peke yake. Nilimsihi asiende. Wale wenzake wamesimama mlangoni, hawacheki tena. Amegonga kioo cha gari. Clete anatazama mbele tu, mikono kwenye usukani. Amegonga tena —