Diski Nzito ya Mwalimu Aneth

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Wilaya ya Nyang'hwale
Tarehe: 15/06/2025, saa 8:10 mchana

Jina: Mbuke binti Mayala. Umri: miaka 71. Kabila: Msukuma. Dini: Mkristo. Elimu: darasa la tatu. Kazi: mkulima. Makazi: Kitongoji cha Mwabusiga, Kharumwa.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nina akili timamu na sijalazimishwa na mtu. Jana nilieleza hapa kwamba fundi Marselino Bujiku ameiba diski ya kompyuta ya mjukuu wangu. Maelezo hayo ni ya uongo. Binti, andika uongo, usiandike kwamba nilipitiwa.

Naishi na mjukuu wangu Aneth, mwalimu wa sekondari. Sebuleni kuna kompyuta ndogo isiyo na kioo, anaiita seva. Ndani yake ameweka masomo na mitihani ya nyuma. Wanafunzi wa kidato cha nne wanakaa barazani kwangu wanasoma kwenye simu zao bila kununua bando. Viti nawapangia mimi, na anayesukumana namfukuza. Kuna majirani wenye baraza kubwa kuliko langu lakini watoto hawaendi huko, na hilo nimelisema sana, hata kanisani.

Umeme ukikatika ukarudi, mashine hiyo inachelewa mno kuwaka. Naweka maharage jikoni, yanachemka, yenyewe bado. Aneth akasema atanunua diski ndogo ya kisasa, wanaiita SSD, iwe ya kuwashia tu, na ile kubwa ya zamani ibaki kutunza masomo. Aliniambia. Nilikuwa nachambua mchele, sikumsikiliza.

Mnamo tarehe 14/06/2025 saa 9:00 alasiri, Marselino alifika. Aneth alikuwa shuleni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Vua viatu."

Alifungua mashine, akachomoa diski kubwa, akaiweka mezani juu ya kitambaa. Nikamuuliza anaitolea nini. Akasema, "Naiweka pembeni kwanza, bibi, nisije nikaifuta kwa bahati mbaya. Nikimaliza na hii ndogo nairudisha."

Nikamwambia, "Mafundi wote ndivyo msemavyo." Akacheka.

Saa 9:20 alitoka nje kupokea simu. Nikashika diski moja mkono huu, nyingine mkono huu. Ile ya zamani nzito kama jiwe la mwamba. Ile mpya nyepesi kama biskuti.

Mimi nimeosha marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kusagwa, miaka kumi na tisa kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe, tukitafuta dhahabu iliyobaki. Kule kitu cha kweli kinajulikana mkononi: ni kidogo lakini kizito. Mnunuzi mmoja aliwahi kunigeuzia kipande cha dhahabu mbele ya macho yangu. Alichukua changu akanirudishia cha shaba, chepesi, na nikachekwa na watu wote wa pale. Niliapa sitachekwa tena. Basi nilipoishika ile nyepesi sikudhani, nilijua. Huyu anaondoka na nzito, anatuachia ganda.

Nikaifunga ile kubwa kwenye kipande cha kanga, nikaifukia ndani ya ndoo ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikafunika. Nikarudi kukaa.

Marselino aliporudi akatazama mezani. "Bibi, diski iko wapi?"

"Diski gani?"

"Bibi, usinitanie. Ile ina masomo ya watoto."

"Kaa hapo mpaka mwalimu aje."

Akasema bora amfuate Aneth shuleni, akaiendea pikipiki yake. Nikapiga yowe la mwizi. Kwetu bibi kizee akipiga yowe hakuna anayeuliza. Walikuja majirani na vijana wa bodaboda. Walimpiga ngumi na mikanda, shati likachanika, jicho la kushoto likavimba mpaka likafunga. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika kiuno.

Aneth alifika saa 10:00, akawasukuma wale vijana kwa mikono yake. Akanigeukia. "Bibi, hiyo ndogo nimeinunua mimi! Si nilikuambia? Ile kubwa iko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Watu zaidi ya thelathini walikuwa wananitazama. Kutoka pale mlangoni mpaka kwenye ndoo ni hatua nane. Nikasema, "Muulizeni yeye."

Ndivyo Marselino alivyoletwa hapa, na mimi nikaja nyuma yake kuandikisha, kichwa juu.

Leo saa 5:00 asubuhi alikuja kwangu Philomena, mama yake Marselino. Tuliosha marudio pamoja, beseni moja. Siku ile ya shaba, yeye peke yake hakunicheka. Alipiga goti mlangoni.

"Shikamoo dada. Sijaja kugombana. Kama mwanangu ameiba, afungwe. Nataka unitazame tu uniambie: ulimwona akiichukua?"

Nikamtazama. Nikasema, "Nilimwona."

Akasema, "Haya." Hakuondoka. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, miguu imejaa vumbi. Mgeni haondoki kwangu na njaa, awe nani. Nikaenda kumpikia michembe. Nikaingiza mkono kwenye ndoo, vidole vikagonga chuma.

Nilichota ya juu juu. Nikapika na karanga, nikamwandalia. Alikula kidogo, akasema, "Asante dada, Mungu akuzidishie."

Niliketi chini sakafuni. Kisha nikajitwika ndoo, nikamwambia, "Twende." Akauliza wapi. Tulipofika barabarani nikamwambia yote. Hakunitukana. Aliona nachechemea, akanitua ile ndoo akajitwika yeye. Afadhali angenitukana.

Tulipofika kaunta, Marselino alikuwa ametolewa kunywa maji. Aliniona navuta ile kanga ndani ya ndoo. Akasema, "Shikamoo bibi. Usiitikise, iweke taratibu."

Marahaba haikutoka. Naomba iandikwe kwamba alinisalimia na mimi sikuitikia.

Haya ndiyo maelezo yangu, na yale ya jana nayafuta. Kama kuna kuwekwa ndani, niwekeni pale alipolala yeye. Dole gumba sitaki, jina langu naliandika mwenyewe.

Sahihi: MBUKE

Mimi WP Koplo Ghati nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi, naye amekubali kuwa ni sahihi. Nimepokea diski moja iliyofungwa kwenye kipande cha kanga, ina vumbi la michembe. Haijajaribiwa. Shahidi ameonywa kuhusu kutoa taarifa ya uongo na ametakiwa kuripoti kesho saa 2:00 asubuhi. Marselino Bujiku ameachiwa saa 8:55 mchana. Amemwambia shahidi apande pikipiki yake, iliyoletwa kituoni pamoja naye jana, amrudishe nyumbani. Shahidi amekataa, na ameondoka kwa miguu.