Babu Yako Alishuka Kwenye Trekta

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Shikamoo yako mwalimu amenifikishia. Marahaba. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, kwa ile elimu ya ngumbaru uliyokuwa ukiicheka, kwa hiyo usiseme kuna mtu amenitia maneno.

Ulipokuja hapa Getanuwas kuomba watu wakuunge mkono kwenye ubunge, ulikula vizuri na ukasalimia wazee vizuri. Suti ilikubana, lakini hilo namwachia mke wako mwingine. Jioni ukanivuta nyuma ya zizi. Ukaniambia kwamba ulipokuwa masomoni Kanada ulichukua uraia wa kule, pasi yao unayo, na ya hapa bado unayo. Sheria hairuhusu mbili, ukasema, lakini hakuna anayejua. "Bibi, hili tuliache humu humu ndani."

Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni. Usidhani nilikubali.

Babu yako unamkumbuka. Ulikuwa ukimpokea njiani akitoka shamba la ngano la serikali, unanusa shati lake, unamtania kwamba ananuka dizeli kuliko ng'ombe. Aliipenda ile kazi ya trekta. Sare yako ya shule ilitoka kwenye mshahara ule. Halafu shamba likapanuliwa mpaka kwenye kaburi la baba yake, lile tuta la udongo tulilolijenga ukoo mzima, tukanywa pombe ya asali. Msimamizi akamwambia alilime hilo tuta. Babu yako akazima trekta, akashuka, akamkabidhi ufunguo, akarudi kwa miguu.

Mimi nilimgombeza. Nilimuuliza watoto watakula nini. Wewe ulikuwa hapo jikoni unakula ugali, jibu lake ulilisikia: "Siwezi kuwa mtu wao mchana na mtu wenu usiku."

Kesho yake dereva mwingine alililima. Sasa inaota ngano pale. Kwa hiyo sikudanganyi kwamba alishinda. Ila mpaka leo mgeni akiuliza njia ya kuja kwetu, anaambiwa aulizie kwa yule aliyeshuka.

Kanada sina ugomvi nayo. Wamekusomesha, wamekulisha. Ukitaka kuwa mtu wao, kuwa, uje kama mgeni, maziwa yako kwenye kibuyu yapo. Lakini wewe unataka watu walionyang'anywa malisho na shamba lile wakutume ukawasemee, na siku mambo yakiharibika una pa kukimbilia. Sisi tutakimbilia wapi? Mlimani?

Wanawake tunakaa kikao chetu kabla ya kura. Unakijua, ndicho kilichomtoza baba yako ng'ombe alipompiga mama yako. Pale hatudanganyi, na mimi sitaanza uzeeni. Wakiniuliza nitasema. Wasiponiuliza nitasema vilevile.

Basi chagua, na uwaambie watu kwa mdomo wako kabla hawajausikia wangu. Rudisha pasi ya kule, au achana na ubunge. Ukichagua ya kule nitalia kidogo, kisha nitakwenda kukamua ng'ombe. Ukichagua ya hapa, nitakupeleka mkutanoni mwenyewe na fimbo yangu, na atakayekucheka atanijua.

Shuka kwanza, ndipo uje.

Bibi yako,
mke wa aliyeshuka