Kikohozi Nyuma ya Pazia

Kaka yangu mpenzi,

Huku tu wazima. Mwanangu ameota meno ya mbele, anang'ata kila kitu. Mimi kazi imenijaa: nimeshona mapazia ya ukumbi mpya wa chama kile kinachotunza wazee. Mahameli matupu, na sakafu inang'aa hadi unajiona uso. Nilimwuliza mwenyekiti mbona wodi ya wazee bado inavuja. Akanijibu kwa upole, "Fundi, wafadhili hawaingii bandani. Wakiupenda ukumbi watatoa, na wodi itajengwa." Nikaona ana hoja.

Kaka, shangazi alifia kwenye wodi hiyo wakati wa mvua, mimi nikipima madirisha ya ukumbi. Blanketi lake lilikuwa limelowa. Kwenye simu nilishindwa kukwambia.

Siku ya ufunguzi, mchana kweupe, mwenyekiti alipoanza kuhutubia, mtu akakohoa nyuma ya pazia. Kikohozi chake unakijua, kile cha kumalizia, "Eh, jamani." Nikalifunua. Ukuta mtupu, ila kitambaa kilikuwa kimelowa chapachapa.

Wageni waliondoka mmoja mmoja bila kuahidi kitu. Mwenyekiti akabaki ameketi, jasho likimtoka.

"Ni nani yule?"

"Shangazi yangu."

Hakubisha. Jana wazee walihamishiwa ukumbini. Nilipokwenda kuwasalimia, nilikuta kitanda kimoja kitupu karibu na dirisha, shuka limetandikwa vizuri. Nikataka kukikalia.

"Usikae hapo, mwanangu," bibi mmoja akaniambia. "Kina mwenyewe."

Njoo, kaka, usikawie.

Mdogo wako, fundi cherehani