Programu Tuliyofugishwa

S.L.P. 418,
Shinyanga.
23 Septemba 1999

Mpendwa kaka Masalu,

Shikamoo. Za huko Ujerumani, na kifua chako kinaendeleaje na baridi hiyo? Sisi hatujambo, isipokuwa mguu wa mama unaomsumbua akienda kisimani. Vuli haijaanza, na Tinde nyumbani vumbi linaingia mpaka kwenye uji.

Kaka, leo sitakuzungusha. Ile programu ya Linux uliyonipa ulipokuja likizo imeniletea wanasheria.

Nilipokuuliza kwa nini haiuzwi, ulicheka ukaniambia niitumie tu, niinakili, na wengine niwape. Nikampa Altaf, mwenye duka la vifaa vya umeme hapa mtaani. Altaf akaanza kuiweka kwenye kila kompyuta anayowauzia wanunuzi wa dhahabu kule Geita. Wateja hao zamani walikuwa wa Ziwa Data, kampuni ya Mwanza inayouza programu zake. Hapo ndipo moto ulipowakia.

Mwezi uliopita bwana mmoja mtanashati aliingia dukani kwangu akisema anataka kuchapiwa barua ya posa. Jina la binti hakuwa nalo. Nilipoinuka kutafuta karatasi, akamgeukia baba, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri gari la Tinde. Akamuuliza kwa upole programu hii ni ya nani. Mimi nilikuwa nimemweleza baba kwa mfano wa ng'ombe ili anielewe, naye akajibu kwa unyoofu wake wote: "Si yetu, ng'wana wane, mwanangu. Tumefugishwa tu. Maziwa tunakamua, lakini mwenye ng'ombe ni mwingine."

Kwetu hayo ni maneno ya mtu mwaminifu. Kwa mwanasheria wa Ziwa Data, ambaye kumbe ndiye aliyemtuma bwana yule, tumekiri wizi. Ameniletea barua inayosema mzazi wangu ametamka mbele ya shahidi kwamba tunatumia mali ya watu. Nikisaini hati kwamba programu ni ya wizi, na kwamba niliigawa huku nikijua, watanisamehe. Nisiposaini kufikia Ijumaa, watakuja na polisi kuchukua kompyuta zangu zote mbili. Baba tangu asikie hayo hali chakula vizuri. Kila mara ananiuliza alikosea wapi.

Sasa mbona wamenijia mimi, wakamwacha Altaf mwenye duka kubwa? Nimeliwaza sana. Altaf ana wakili, mimi sina. Wanataka saini yangu wakamtwangie nayo Altaf mahakamani. Mimi ni mchi tu.

Na Altaf mwenyewe simwamini. Miaka yote hata salamu ananipimia, lakini juzi kaleta sukari na biskuti, ananiita dada Violeth, ananisihi nisisaini. Sukari nimeipokea. Biskuti tumekula.

Usiudhike, kaka, lakini na wewe nakushuku. Ni nani huyo anayetoka jasho kutengeneza kitu halafu akakigawa? Kule Geita mtu akikupa mawe ya bure, unajua dhahabu ameshaitoa. Au kuna kampuni nyingine kubwa huko kwenu inayotutanguliza sisi ili kina Ziwa Data wafilisike, kisha itugeukie na ankara? Jambo hili linaniuma, maana sijawahi kukushuku hata tulipokuwa watoto.

Jana nilikwenda Mwanza mpaka ofisini kwao. Sikusaini. Mwanasheria akaniuliza kwa dhihaka, basi mwenye ng'ombe ni nani. Nikamwambia simjui, ila aliyenikabidhi namjua. Nikaandika majina yako yote matatu na anwani yako ya huko, na kwamba wewe ni mtoto wa Bujiku wa Tinde na hukulelewa kuiba. Kompyuta wakizichukua kesho, wazichukue. Karatasi yao huenda ikakufikia kabla ya barua hii.

Kama programu ni halali, waandikie mwenyewe, kwa Kiingereza cha kuwatosha. Kama ulinidanganya, usinijibu mimi. Mwandikie baba.

Mama anakusalimu sana, pia Scolastika na shangazi Euphrasia wa Nkome, ambaye amekuwekea dagaa. Baba hajatuma salamu. Anasema zako atazitoa ukishajibu.

Mungu akutunze ugenini.

Wako akupendaye, hata sasa,
Violeth