Debe la Mafuta na Kisigino Chako

Kaka Nestori,

Ni mimi Yohana, uliyenifundisha kuchomelea. Karakana yako hapa Busunzu bado naifungua kila siku. Shemeji Konsolata hajambo, mahindi amevuna. Nazunguka tu, Kaka. Kuna jambo.

Ile stendi ya tenki la kanisa, uliipima, ukakata paipu, ukaugua. Ulipotutoka nikaimalizia mimi. Na pale miguu ya tenki inapokanyaga, katikati ya paipu, sikuweka pleti, kile kipande cha chuma bapa cha kutandaza mzigo.

Nilijua. Siku ya kunifundisha ulilaza debe tupu la mafuta chini ukalikanyaga kwa kisigino, likabonyea. La pili ukaliwekea ubao juu, ukapanda, likakubeba na kitambi chako. "Paipu nayo ni debe," ukasema. "Ndani upepo tu. Kabla ya kuweka mzigo, angalia unakanyaga wapi, na ukuta wake una unene gani." Mimi sikupima. Pleti zilikuwa zimeisha, kuzifuata Kasulu ni siku nzima, na kesho yake wanazindua. Nikapaka rangi.

Sasa ukuta wa paipu umeingia ndani. Nimepitisha kidole, kinazama. Na chini yake kina mama wanachota maji, watoto mgongoni.

Si hilo tu. Jumapili mchungaji kasema mbele ya watu, "Marehemu Nestori, Mungu amrehemu, lakini hapa alituachia kazi mbovu." Watu wakaguna. Shemeji alikuwa benchi la mbele, akainamisha kichwa. Mimi niko nyuma yake na kitabu cha nyimbo. Nikaimba, Kaka. Nikaimba na wenzangu kama sina habari.

Leo asubuhi nimeshindwa kuvumilia. Nimeenda nikafungua koki, maji yote yakamwagika. Kina mama wakanijia juu: "We fundi, una wazimu?" Nikasema nitawaeleza Jumapili. Mmoja akagonga ndoo yake tupu, akasema, "Tueleze sasa hivi, maana hii haingoji Jumapili." Nikawaeleza. Wakabeba ndoo, wakashika njia ya mtoni.

Bado Shemeji. Nimekuandikia wewe kwanza ili nipate pa kuanzia. Nikikunja karatasi hii, naenda kwake.

Pumzika, Kaka. Kesho nafuata pleti Kasulu, na tenki halitaingia maji mpaka nimezichomelea. Na Jumapili, mchungaji akimaliza matangazo, nitasimama. Siyo kule nyuma. Nitapita mbele, Shemeji anione uso.

Yohana wako